Je, Joto Hili la Siku Hizi ni la Kawaida?



Katika mikutano ya matawi ya karibuni limezuka swali moja ambalo limeleta maneno mengi, na halmashauri imetutaka tulieleze katika ukurasa huu ili kila mwanachama apate kulipima nyumbani kwake kwa utulivu. Swali lenyewe ni hili: joto kali linalosemwa kila upande wa dunia, je, ni jambo geni kweli, au ni lile lile walilolijua wazee wetu, ila sisi tumekuwa wepesi wa kulalamika?

Si swali la mazungumzo ya barazani tu. Mbele ya halmashauri liko pendekezo la kutaka kila mwanachama atoe mchango ili vitalu vyetu vya miche viezekwe vivuli vizuri na viwekewe matangi ya maji. Baadhi ya wanachama wamesema kuwa hiyo ni fedha ya kutupa, kwa kuwa jua ni lile lile. Wengine wamekwenda upande wa pili kabisa. Wao wasema dunia imekwisha kugeuka, na mtu mwenye akili hapandi mkarafuu leo ambao atauchuma baada ya miaka saba au minane. Pande zote mbili zimesema kwa nguvu, na zote mbili, kwa maoni yetu, zimesema zaidi ya zile hoja zilizo nazo.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya maneno. Watu wa kaskazi ya dunia wanapotaja majira yao ya joto, yale ambayo Waarabu huyaita sefu, wana maana ya miezi ya Juni, Julai na Agosti. Miezi hiyo kwetu ni kipupwe, na upepo ni wa kusi. Mtu wa Pemba hujifunika shuka alfajiri. Joto letu ni la kaskazi, toka Disemba hata Machi kabla ya masika. Basi mwanachama aliye na mtoto wake Uingereza au nduguye Maskati akisikia khabari za joto la kuua mwezi wa Julai, asishangae kuona kuwa hapa hakuna kitu. Tutaanza na huko kwao, kwa sababu huko ndiko vipimo vilikoanza zamani, kisha tutarudi kwetu.

Jambo la pili la kukubaliana ni kuwa kumbukumbu ya mtu si mizani. Hatusemi hivi kwa kuwadharau wazee wetu, ambao walihisabu miongo toka Nairuzi na wakajua siku ya kupanda bila ya karatasi. Lakini chukueni mfano mmoja. Watu wengi waliosimama katika mikutano walitoa ushahidi wa Ramadhani: kuwa zamani walifunga wakalima mpaka adhuhuri, na sasa mtu hufika saa nne akawa hoi. Ni kweli tupu. Lakini mwaka wa kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hivyo Ramadhani huzunguka majira yote kwa muda wa miaka kama 33. Mwaka 2014 na 2015 saumu ilianza mwezi wa Juni, ndani ya kipupwe. Mwaka 2024 na 2025 ilianza Machi, na mwaka 2026 Februari, katikati ya kaskazi. Mtu aliyefunga miaka yote hiyo lazima aone kuwa joto limezidi, hata kama hali ya hewa isingalibadilika hata chembe. Na aliye na umri wa kutosha akumbuke miaka ya 1992 na 1993, ambapo saumu iliangukia tena Machi na Februari. Hapo ndipo pa kulinganisha, si mwaka 2015.

Basi yatakiwa chombo. Kipimajoto cha haki hakitundikwi ukutani wala chini ya bati, wala hakipigwi jua. Huwekwa ndani ya sanduku jeupe lenye mbavu za mbao zinazopitisha upepo, kwenye uwanja wa majani, juu ya ardhi kadiri ya kimo cha mtu, na husomwa saa zile zile kila siku. Yule bwana aliyetuambia kuwa kipimajoto chake kilifika digrii 47 dukani kwake alisema kweli juu ya kipimajoto chake. Lakini alikipima bati, hakuipima hewa. Digrii zote tutakazozitaja hapa ni za sentigredi na zimepimwa kivulini namna hiyo.

Sasa Uingereza. Nchi ile ina bahati ya kuwa na hisabu ndefu ya vipimo kuliko nchi yo yote. Kwa sehemu ya kati ya nchi, wastani wa joto la kila mwezi umeandikwa toka mwaka 1659. Wazee wa huko nao wana mwaka wao wanaouapia, kama sisi tunavyouapia mwaka wa karafuu nyingi. Mwaka wao ni 1976. Mwaka ule, toka tarehe 23 Juni mpaka 7 Julai, siku 15 mfululizo, hapakukosekana mahali kusini ya nchi palipofika digrii 32, na siku moja ikafika 35.9. Mito ilikauka na maji yakagawiwa mitaani. Kila joto likija sasa, yuko mzee wa kusema, “Hili si kitu, mngaliona 1976!”

Hoja hii ni nzuri, na haifai kupuuzwa. Itazameni rekodi yenyewe. Mwaka 1911 Uingereza ilifika digrii 36.7. Rekodi hiyo ilikaa miaka 79 bila ya kuvunjwa, hata huo mwaka 1976 haukuivunja. Ikavunjwa mwaka 1990 kwa 37.1. Halafu 2003 ikafika 38.5. Halafu 2019 ikafika 38.7. Halafu tarehe 19 Julai 2022, mahali paitwapo Coningsby, ikafika 40.3, mara ya kwanza nchi ile kupita 40. Mwenye kutazama atagundua kuwa jambo la kutazamwa si namba ya mwisho tu, bali ni mwendo: miaka 79, kisha 13, kisha 16, kisha 3. Kama joto la dunia lingekuwa limesimama pale pale, rekodi zingezidi kuwa adimu kadiri miaka inavyopita, kwani kilichokwisha kufikiwa ni kigumu kupitwa. Hapa zimekuwa zikifuatana.

Na ule mwaka 1976? Katika majira ya joto ya 2025 wastani wa Uingereza nzima, mchana na usiku, ulikuwa digrii 16.10, ambao ni mkubwa kuliko yote tangu hisabu hiyo ya nchi nzima ianze mwaka 1884. Namba hiyo yaonekana ndogo kwetu, lakini ni wastani wa miezi mitatu, pamoja na usiku na milima ya baridi. Kwa namba hiyo mwaka 1976 umetolewa katika miaka mitano ya mwanzo. Yote mitano sasa ni ya baada ya mwaka 2000. Idara ya Hali ya Hewa ya nchi ile imehisabu kuwa majira kama yale ya 2025, yangalitokea mara moja katika miaka kama 340 kama watu wasingaliichafua hewa. Na sasa yatazamiwa kutokea mara moja katika kila miaka mitano.

Iko tafauti nyengine baina ya 1976 na 2022 ambayo twaiona kubwa kuliko hizo namba. Mwaka 1976 joto lilikuwa Uingereza na majirani zake wachache, na sehemu kubwa ya dunia ilikuwa baridi kuliko desturi. Ilikuwa kama shamba moja kupata mvua na mengine kukaa kavu. Ni bahati ya upepo. Mwaka 2022 ukitazama ramani, joto limetanda karibu pande zote.

Wanachama wanaokaa pwani wataelewa jambo hili kwa upesi zaidi kwa mfano wa bahari. Bamvua huja na maji mafu huja, na hapana mtu anayesema kuwa bahari imebadilika kwa sababu maji yamejaa siku ya mwezi mpevu. Lakini tuseme bahari yenyewe imepanda kwa shibiri moja. Bamvua bado litakuwa bamvua, litakuja na kwenda kwa siku zake. Ila litafika mahali ambapo halikuwa likifika, litaingia kisimani, litang'oa mnazi uliokuwa salama miaka mia. Na yale maji yaliyokuwa ya bamvua kubwa la mara moja katika uhai wa mtu, yatakuwa maji ya kila mwezi. Joto kali la siku chache ndilo bamvua. Joto la dunia nzima ndiyo bahari. Watu hubishana juu ya bamvua, na kila mmoja ana lake analolikumbuka, na wala hawakitazami kina.

Kina hicho kimepanda kadiri gani? Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa, ukizidi wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa digrii kama 1.55. Miaka 10 toka 2015 hata 2024 ndiyo 10 yenye joto kubwa kuliko yote iliyotangulia. Mtu atasema, digrii moja na nusu ni nini? Shibiri moja ya maji nayo ni nini, mpaka ikutane na bamvua.

Twapenda kuwa waadilifu kwa wale wanaosema kuwa joto kubwa lilikuwako zamani, kwa sababu lilikuwako. Huko Marekani mwaka 1936 palikuwa na joto ambalo katika majimbo kadha rekodi yake haijavunjwa mpaka leo. Lakini pana funzo ndani yake kwa mkulima. Miaka ile wakulima wa mabara ya kati ya Marekani walikuwa wamezilima nyika kubwa na kuziacha uchi, kisha mvua ikakosekana, na udongo ukapeperushwa na upepo kama unga. Ardhi yenye maji na majani hutumia joto la jua kukausha maji yale. Ardhi kavu na tupu haina kazi ya kulipa jua, basi joto lote hurudi katika hewa. Kwa hivyo joto la 1936 lilisaidiwa na udongo uliokauka, na lilikuwa la bara moja. Wenye kufyeka chini ya mikarafuu mpaka ardhi ikang'aa kama sakafu wausome tena mstari huu.

Hata sisi tunayo ya kwetu ya zamani. Mwezi wa Aprili 1872, zama za Seyyid Barghash, dharuba iliipiga Unguja ikaiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa mama wa karafuu. Lilikuwa jambo geni kweli kweli. Lakini jambo moja geni, hata likiwa kubwa vipi, si dalili ya kugeuka kwa hali ya hewa. Dalili ni kurudi rudi kwake. Kwa hivyo hatutaki mwanachama atuletee siku moja ya joto kuwa ni hoja, wala siku moja ya baridi.

Hata hivyo, mara nyengine siku moja hushangaza hata wataalamu. Rekodi, kwa desturi, huvunjwa kwa kidogo, kama mkimbiaji anayempita mwenziwe kwa unyayo. Katika nchi ya Kanada rekodi ilikuwa digrii 45.0 toka mwaka 1937. Tarehe 29 Juni 2021 mji mdogo uitwao Lytton ulifika 49.6. Si kwa unyayo. Ni kwa digrii 4.6 nzima. Siku ya pili yake moto ukauteketeza karibu mji wote. Na mji ule uko kusini kidogo tu kuliko London.

Wako waliouliza kama vipimo hivi havidanganywi na miji, kwani mji wa saruji na lami huwa na joto kuliko shamba. Ni kweli kuwa mji una joto zaidi, na kila aliyetoka konde akaingia Mji Mkongwe saa nane mchana ajua. Lakini wataalamu hulinganisha vituo vya mjini na vya mashamba, na pia wana vipimo vya bahari, vilivyochukuliwa na mabahari toka zama za ndoo za turubali mpaka maboya ya leo. Na bahari nayo imepata joto, wala haina lami. Wengine wakasema, huenda ni jua lenyewe. Jua limepimwa kwa vyombo vilivyo juu ya anga tangu mwisho wa miaka ya 1970, na halikuongeza nguvu. Zaidi ya hayo, kama ni jua, hewa ingepata joto toka chini mpaka juu kabisa. Iliyoonekana ni kinyume: hewa ya chini imepata joto, na tabaka la juu sana limepoa, kama mtu aliyejifunika blanketi, ngozi yake ikaota moto na hewa ya nje ya blanketi ikabaki baridi.

Na blanketi hilo lajulikana. Ni hewa ya ukaa, itokayo katika makaa ya mawe, mafuta ya petroli na misitu inayochomwa. Khabari hii si ya jana. Mwaka 1859 mtaalamu John Tyndall alithibitisha katika chumba chake cha majaribio kuwa hewa hiyo huzuia joto lisitoke. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Swideni alihisabu kwa kalamu na karatasi kuwa ikizidi, dunia itazidi joto. Mwaka 1958 Charles Keeling alianza kuipima kila siku juu ya mlima wa Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, na wakati huo ilikuwa kama sehemu 315 katika milioni moja. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Sasa imepita 420. Sisi wenye mashamba ya miti tumechangia kidogo sana katika deni hilo, na tungependa wenye viwanda wakumbushwe jambo hili kila wanapokutana. Lakini deni huja nyumbani hata kwa asiyekopa.

Tuje sasa kwa ndugu zetu walio Omani, maana huko ndiko joto lilikozoeleka. Tarehe 26 Juni 2018, mahali paitwapo Quriyat, pwani kusini ya Maskati, joto halikushuka chini ya digrii 42.6 kwa saa 24. Yaani hata alfajiri, saa ya baridi kuliko zote, ilikuwa hivyo. Twapenda wanachama wautazame usiku, kwa sababu watu hupenda kutaja joto la mchana tu. Mwili wa mtu, kama mnyama wa kazi, hustahamili mchana mkali kama utapata usiku wa kupumzika. Joto lililoua Ulaya mwaka 2003, ambapo watu zaidi ya 70,000 walihisabiwa kufa zaidi ya desturi, liliwakamata wengi wazee na wapweke, vyumbani mwao, baada ya usiku kadha usiopoa. Na katika Hija ya mwaka 2024, Makka ikifika digrii 51.8, walikufa mahujaji 1,301 kwa hisabu ya serikali ya Saudia. Wengi wao walikuwa wamekwenda bila ya vibali, na kwa hivyo walitembea mwendo mrefu juani bila ya mahema wala pa kupumzikia. Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini tazameni kuwa kivuli na maji ndivyo vilivyotenganisha wengi waliokufa na waliosalimika.

Kiswahili chetu kina neno joto na neno hari, na waliotuachia maneno haya walijua walilolisema. Joto kavu la jangwani huweza kufika 50, na mtu akiwa kivulini na maji anayo, jasho hukauka na kumpoza. Hari ni joto la hewa iliyojaa mvuke, ambamo jasho hutiririka lisikauke, na jasho lisilokauka halipozi. Wataalamu huipima kwa kukivika kipimajoto kitambaa kibichi. Kitambaa hicho kikionyesha digrii 35 kwa saa kadha, hata kijana mwenye afya, aliyekaa kivulini hafanyi kazi, mwili wake hauwezi kujipoza. Na kwa mtu anayefanya kazi hatari huanza chini sana ya hapo. Kila digrii moja hewa inayozidi joto huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Hii ndiyo sababu kisiwa kisijidanganye kwa namba ndogo.

Kwani namba zetu ni ndogo. Bahari imetuzunguka nayo hutulinda. Katika kaskazi mchana wetu mara nyingi huwa digrii 32 au 33, na hatutafika 50 kama Kuwait. Lakini bahari hiyo hiyo inayotulinda imeongezeka joto. Wavuvi wetu waliona wenyewe miaka ya 1998 na 2016 jinsi matumbawe yalivyogeuka meupe kama chokaa katika sehemu nyingi za Bahari ya Hindi ya magharibi, kwa kuwa maji yalizidi joto kwa majuma mengi. Maji yakiwa na joto, usiku wetu hauwezi kupoa, na hari huzidi.

Jawabu basi, kwa kadiri ya elimu iliyopo: joto kubwa la siku chache si jambo geni, lilikuwako na litakuwako. Lililo geni ni wingi wake, kufuatana kwake, na kutanda kwake duniani kwa wakati mmoja. Na mwendo wa dunia kupata joto tangu mwaka 1970 ni wa kasi kuliko miaka 50 yo yote katika miaka 2,000 iliyopita. Hili la mwisho limejulikana kwa pete za miti ya nchi za baridi, kwa barafu za kale na kwa matumbawe, ambavyo huandika hali ya kila mwaka kama karani asiyelala.

Kwa mkarafuu maana yake ni nini? Mti mkubwa wenye mizizi mirefu si wa kuuhofia kwa jua la mwezi mmoja. Mti huu unapenda joto na unapenda hewa yenye unyevu, na unataka kipindi cha ukavu kidogo ili upate kutoa maua. Anayesema tuache kupanda kwa sababu ya joto hana hoja ya kutosha. Na tukiacha kupanda, baada ya miaka 20 tutakuwa na miti mizee mitupu, na hilo ni balaa la hakika kuliko la joto. Anayekufa kwa jua ni mche. Mizizi yake ni mifupi, na udongo wa juu ndio unaokauka mwanzo, na mche uliotolewa kitaluni ukatiwa shambani mwisho wa masika, bila ya kivuli wala migomba ya kuukinga, hupata kaskazi yake ya kwanza kabla haujashika. Kaskazi ikizidi kwa digrii moja tu, maji hukauka haraka zaidi katika udongo ule. Ndiyo maana halmashauri, baada ya kusikiliza pande zote, inaliunga mkono pendekezo la vivuli na matangi. Wasiokubali wana haki ya kupiga kura dhidi yake. Lakini wasiseme tena kuwa hapana kilichobadilika.

Na lipo la wachumaji. Mchumo wa vuli huweza kuendelea mpaka ndani ya kaskazi, na mchumaji yuko juu ya mti, amefunga kamba, hana maji. Kizunguzungu ambacho chini ni cha kukaa kitako na kunywa maji, juu ya mkarafuu ni mauti. Twaomba wenye mashamba waanze uchumaji alfajiri na wawashushe watu kabla ya saa sita, kisha warudi alasiri. Uchambuaji wa makonyo ufanywe kivulini wakati wa jua kali. Mtungi wa maji uwekwe chini ya miti, si nyumbani kwa mwenye shamba. Kuanika ndiko peke yake kusikonuna na jua, lakini majamvi hayana haja ya mtu kusimama juu yake saa saba mchana.

Mwisho, halmashauri imekubali kuwa kila tawi litakalopenda litatengenezewa sanduku jeupe la kipimajoto pamoja na chombo cha kupimia mvua, na litapewa daftari. Kazi ni ndogo: kusoma saa 3 asubuhi kila siku, kuandika joto la juu kabisa, joto la chini kabisa na mvua iliyonyesha, siku isiyosomwa iachwe tupu, isijazwe kwa kubahatisha. Yafaa msomaji awe mtu anayekaa karibu, na kijana wa skuli anatosha kama ni mwaminifu. Matawi yanayotaka yapeleke jina la msomaji na la msaidizi wake kwa Katibu kabla ya mkutano mkuu, na yaonyeshe mahali palipochaguliwa, pawe mbali na nyumba, ukuta na sakafu ya kuanikia.

Katibu